William Lever: Mwana wa muuza duka aliyegeuza mafuta ya mimea kuwa sabuni ya dunia

JINA Sunlight si geni kwa Mkenya yeyote aliyewahi kutumwa dukani kununua sabuni. Wala si geni Lifebuoy, Lux na Vim. Ajabu ni kwamba wengi waliokua wakifua, wakioga na kusugua sufuria kwa bidhaa hizo hawamjui aliyezianzisha: mtu mfupi wa kimo, aliyezidi kuwa mzito wa masikio kadiri umri ulivyosonga, ambaye alianza kazi kwa kukata miche ya sabuni dukani mwa babake na kufariki akiwa mkuu wa himaya iliyotoka Uingereza hadi visiwa vya Pasifiki na misitu ya Kongo.

William Hesketh Lever ndiye huyo. Anayetaka kumwelewa hana budi kuyafuata mafuta: ya nazi, ya mbegu za pamba na, zaidi ya yote, ya mchikichi. Ndiyo yaliyompa utajiri, ndiyo yaliyomjengea kijiji cha kifahari, na ndiyo yaliyomfikisha Kongo, ambako aliacha kovu.

Alizaliwa Septemba 19, 1851 katika mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa saba wa Bw James Lever na mkewe Eliza, na mvulana wa kwanza baada ya mabinti sita. Bolton ulikuwa mji wa viwanda vya pamba. Makaa ya mawe yalichomwa usiku na mchana, masizi yakatua juu ya mapaa, madirishani na kwenye nguo zilizoanikwa. Mwanamke wa kibarua wa kiwanda alifua kwa jasho, na sabuni haikuwa rahisi kupatikana. Hadi mwaka 1853 serikali ya Uingereza iliitoza sabuni kodi maalumu, kana kwamba usafi ni anasa.

Babake alikuwa muuzaji wa vyakula. William alipofikisha umri wa takriban miaka 16, mnamo 1867, aliacha shule na kuanza kazi dukani. Sabuni ya enzi hizo haikuwa na jina wala karatasi. Ililetwa kutoka kiwandani ikiwa miche mirefu, muuza duka akaikata, akaipima kwa mizani na kuifunga. Kazi hiyo ya kukata na kufunga alipewa kijana William. Huenda hakuna darasa lililomfaa zaidi, kwani alijionea jinsi mteja alivyoichukua bidhaa hiyo bila kujua imetengenezwa na nani, wala kama ya wiki ijayo itafanana na ya leo.

Mwaka 1872 babake alimfanya mshirika katika biashara, na miaka miwili baadaye akamwoa Elizabeth Ellen Hulme, waliyefahamiana tangu utotoni. Angeweza kuridhika. Biashara ilinawiri, tawi likafunguliwa mjini Wigan, na kufikia umri wa miaka 33 alikuwa na mali ya kumtosha mtu wa tabaka lake kustaafu. Badala yake akageukia sabuni.

Mnamo 1884 alisajili jina Sunlight, maana yake mwanga wa jua. Mwanzoni sabuni hiyo alitengenezewa na viwanda vya watu wengine. Lakini mtu aliyetia jina lake rehani kwa bidhaa hataki kumtegemea jirani, na mwaka 1885 yeye na nduguye, James Darcy Lever, walikodi kiwanda kidogo cha sabuni mjini Warrington. Walisaidiwa na mkemia William Hough Watson. Hapo ndipo ilipopikwa sabuni iliyobadili mambo.

Yafaa tusite kidogo tueleze sabuni ni nini, maana pasipo hilo maisha ya Lever hayaeleweki.

Chembe ya mafuta, yawe ya mmea au ya mnyama, imeundwa na asidi tatu za mafuta zilizoshikamana na gliserini, mithili ya vidole vitatu kwenye kiganja kimoja. Yakichemshwa pamoja na soda kali, vidole hivyo hukatika. Kila asidi huungana na sodiamu ikawa sabuni, nayo gliserini ikabaki kando. Siri hiyo ilifichuliwa na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1823, ingawa watu walikuwa wamepika sabuni kwa majivu na mafuta kwa maelfu ya miaka bila kujua kinachotendeka chunguni.

Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji na kuandama mafuta. Nguo inapolowekwa, mikia hiyo hujichomeka katika uchafu wenye mafuta huku vichwa vikibaki nje majini. Uchafu huzingirwa pande zote, ukang'olewa kwenye nyuzi na kuelea, kisha ukamwagwa pamoja na maji.

Sasa, mikia hiyo haifanani. Shahamu ya ng'ombe na kondoo, ambayo ndiyo iliyotumiwa kwa wingi na wapika sabuni wa Uingereza, huwa na mikia mirefu, ya kaboni 16 na 18. Sabuni yake ni ngumu, hudumu, lakini haina haraka ya kutoa povu, hasa katika maji baridi. Mafuta ya nazi na ya kokwa za chikichi yamejaa asidi ya loriki, yenye kaboni 12 tu. Sabuni yake huyeyuka upesi na kutoa povu jingi. Hata hivyo, ikitengenezwa kwa mafuta hayo pekee huisha mbio na kukausha mikono. Ustadi wote umo katika kuchanganya.

Mchanganyiko wa Sunlight ulikuwa hivi: katika kila sehemu 100, karibu 42 zilikuwa mafuta ya mbata au ya kokwa za chikichi, karibu 25 shahamu, karibu 24 mafuta ya mbegu za pamba, na zilizosalia ulimbo wa miti. Kwa hivyo takriban theluthi mbili zilitoka kwenye mimea iliyooteshwa na jua la nchi za joto. Mama wa Bolton aliona povu likimfurika mikononi bila kusugua hadi ngozi itoke. Alichokuwa amekishika kilikuwa nazi na chikichi.

Lever hakuiacha sabuni hiyo ijiuze. Aliikata mapema katika vipande vya uzani mmoja, akavifunga kwa karatasi yenye jina, na kuahidi pauni 1,000 kwa yeyote angeyethibitisha kuwa ndani mna kitu cha kughushi. Aliwatunuku zawadi waliokusanya karatasi hizo. Mnamo 1889 alinunua picha ya msanii mashuhuri William Powell Frith, iliyomwonyesha msichana akijivunia vazi lake jipya, akaigeuza tangazo la sabuni. Msanii mwenyewe hakupendezwa. Uzalishaji ulipanda kutoka takriban tani 20 kwa wiki hadi tani 450 katika muda wa miaka isiyozidi mitatu, na kiwanda cha Warrington kikawa hakitoshi.

Basi akanunua ekari 56 za kinamasi kando ya mto Mersey, mkabala na Liverpool. Machi 3, 1888 mkewe alichimba sepetu ya kwanza ya udongo. Meli zingeweza kufika karibu zikileta mafuta na kupakia sabuni. Mahali hapo pakaitwa Port Sunlight.

Palijengwa kiwanda, na kando yake kijiji ambacho hata wapinzani wa Lever walikiri ni kizuri. Kufikia mwaka 1914 kilikuwa na nyumba zipatazo 800, zilizochorwa na wasanifu takriban 30, kila moja na sura yake, zenye bustani, shule, ukumbi na kanisa. Ulinganishe na vyumba vya giza vya Liverpool ya siku hizo na utaelewa ni kwa nini wageni walimiminika kukitazama.

Lakini hapakosi neno. Faida ya kampuni hakuigawa kwa wafanyakazi mikononi; aliona wangeila au kuinywa, akaamua kuigeuza nyumba na bustani kwa niaba yao. Aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Mwaka 1919 kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi mjini Bolton alimwandikia kwamba mtu mwenye fikra huru hawezi kupumua kwa muda mrefu hewa ya mahali hapo. Kwa upande mwingine, kulipozuka swali la kuuza pombe katika mkahawa wa kijiji, ambao Lever asiyependa ulevi aliufungua mnamo 1900 bila kileo, aliwaachia wakazi wapige kura, wanawake wakiwemo. Walichagua pombe, naye akakubali. Huyo ndiye Lever: baba mkali aliyetaka kutii demokrasia mara mojamoja.

Alikuwa pia mbunge wa chama cha Liberal kutoka 1906 hadi 1909, na mwaka 1907 aliwasilisha mswada wa pensheni kwa wazee kabla serikali haijaleta wake. Mnamo 1918 alichapisha kitabu kilichopendekeza siku ya kazi iwe ya saa sita. Tuliweke jambo hilo akilini kwa sababu tutalirejelea.

Tatizo lililomkosesha usingizi ni bei ya mafuta. Watengenezaji wa siagi ya mimea walikuwa wamegundua kuwa mafuta yale yale ya nazi na chikichi yanaweza kuliwa mkateni, wakaanza kuyagombania na wapika sabuni. Mwaka 1906 Lever alijaribu kuunganisha kampuni za sabuni ili zipunguze gharama, na wakati huo huo kipande cha sabuni kikapunguzwa kutoka wakia 16 hadi 15 bila kupunguzwa bei. Magazeti yaliyoongozwa na Daily Mail yalimrukia yakimwita mnyonyaji wa maskini. Muungano ukavunjika, mauzo yakaporomoka. Lever alishtaki. Kesi iliposikizwa mjini Liverpool mwaka 1907 gazeti lilisalimu amri na kumlipa pauni 50,000. Pamoja na malipo ya magazeti mengine, jumla ikafika pauni 91,000. Yalikuwa malipo ya kutisha kwa wakati huo.

Ushindi wa mahakamani, hata hivyo, haukujaza mapipa. Lever aliamua kumiliki mashina yenyewe. Alikuwa ameanza na minazi katika visiwa vya Solomon. Kisha akaomba ardhi kubwa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi ili ajenge vinu vya mawese, akakataliwa, maana sera ya huko ilikuwa kuwaachia wenyeji mashamba yao. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Ubelgiji.

Ubelgiji ilikuwa imeichukua Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold wa Pili mnamo 1908, baada ya ulimwengu kushtushwa na unyama wa biashara ya mpira. Ilitaka mwekezaji mwenye jina safi. Ni nani aliye safi kuliko muuza sabuni? Aprili 14, 1911 mkataba ulitiwa saini na kampuni ya Huileries du Congo Belge ikazaliwa. Ilichorewa maduara matano kwenye ramani, kila moja la kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni, na kuruhusiwa kujitwalia hadi hekta 750,000 za michikichi. Makao makuu yaliwekwa Lusanga, kando ya mto Kwilu, pakabandikwa jina Leverville. Vituo vingine viliitwa Alberta, Elisabetha, Brabanta na Flandria. Kituo cha Elisabetha, Lokutu ya leo, kiko kando ya mto Kongo chini ya Kisangani, mji ambao Kiswahili huzungumzwa.

Kwenye karatasi mkataba huo ulipendeza. Uliagiza kima cha chini cha mshahara cha senti 25 za faranga kwa siku, shule na hospitali. Mwaka 1912 mche wa sabuni iliyopikwa kwa mawese ya Leverville uliwekwa katika kijisanduku cha pembe ya ndovu na kukabidhiwa Mfalme Albert.

Mambo yalivyokuwa msituni ni hadithi nyingine, na chanzo chake kimo katika tunda lenyewe. Chikichi hutoa mafuta ya namna mbili: mawese mekundu kutoka kwenye nyama ya tunda, na mafuta meupe kutoka kwenye kiini cha kokwa. Kokwa zaweza kusafirishwa hadi Ulaya bila kuharibika, bali nyama ya tunda huanza kuchacha punde mkungu unapokatwa. Ndiyo sababu kinu lazima kiwe karibu, na kinu cha mvuke kikishawashwa hula matunda kila siku. Kinataka wakwezi wa kupanda michikichi mirefu kwa kamba kiunoni, wachukuzi wa kubeba mikungu, na hakingoji msimu wa kulima wala wa kuwinda. Watu wa Kwilu walikuwa na mashamba yao na mawese yao. Hawakuwa na haja ya kumkwelea Lever kwa ujira ule.

Kwa hivyo walilazimishwa. Serikali ya koloni ilidai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na fedha zilikuwa kwa kampuni. Machifu walilipwa ili watoe vijana. Aliyetoroka kabla ya kumaliza mkataba aliweza kufungwa jela kisheria. Mnamo 1923 daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliandika ripoti iliyolaumu chakula duni, makazi mabovu na uhaba wa matibabu kwa wafanyakazi wa Leverville. Jules Marchal, mwanadiplomasia wa Ubelgiji aliyegeuka mwanahistoria, alipofukua nyaraka hizo alionyesha kwamba kazi ya shuruti iliendelea kwa miongo kadhaa.

Je, Lever alijua? Alizuru Kongo pamoja na mkewe mnamo 1912 na 1913, na akarudi mwishoni mwa 1924. Aliona hospitali na shule zilizojengwa na akajivunia. Aliamini kwa dhati kwamba Mwafrika hawezi kuitumia ardhi yake vyema pasipo Mzungu kumsimamia, na mwenye imani ya namna hiyo huona anachotaka kuona. Mtu aliyeandika kwamba saa sita zamtosha mfanyakazi wa Uingereza hakuona haja ya kumpimia mkwezi wa Kwilu kwa kipimo hicho. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba wema wa Port Sunlight ulikuwa wa uongo. Ulikuwa wa kweli, na ulilipiwa kwingine.

Mkewe alifariki mwaka 1913. Alipopewa cheo cha Lord mnamo 1917 aliliunganisha jina la mkewe na lake, akaitwa Leverhulme, na mwaka 1922 akafungua jumba la sanaa kijijini kwa kumbukumbu yake. Uzee wake ulijaa vituko. Alilala nje kwenye baraza la juu, mvua na theluji zikimwangukia. Mnamo 1920 alichukizwa na picha yake iliyochorwa na msanii Augustus John, akakikata kichwa na kukificha kwenye sefu. Mtumishi akairudisha turubai iliyosalia kwa msanii kwa makosa, na kashfa ikazagaa Ulaya. Mwaka huo huo aliinunua kampuni ya Niger Company kwa zaidi ya pauni milioni 8 bila kuvikagua vitabu vyake kikamilifu, bei ya mafuta ikaanguka, akanusurika kufilisika. Miradi yake katika visiwa vya Lewis na Harris, Scotland, haikufaulu.

Aliporejea kutoka Afrika mwaka 1925 alipatwa na nimonia, akaaga dunia Mei 7 jijini London akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa Port Sunlight.

Miaka minne baadaye, Septemba 1929, kampuni yake ilikubaliana kuungana na watengenezaji siagi wa Uholanzi, mahasimu wale wale wa kugombania mafuta, ikazaliwa Unilever. Hapa Kenya iliingia katika East Africa Industries miaka ya 1950, kampuni iliyokuja kuitwa Unilever Kenya mwaka 2000.

Sabuni ya Lever nayo ilipata mshindani. Wanaofua kwa maji ya visima yenye chumvi wanaijua kasoro yake: badala ya povu, hutoa ukoko mweupe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea poda zilizotokana na petroli, ambazo hazijali maji hayo. Lakini mikia ya chembe zake za kwanza ilikuwa na matawi, na bakteria walishindwa kuitafuna. Katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya ilifunikwa na mapovu, hata Ujerumani ikapitisha sheria mwaka 1961 ya kudai visafishi vinavyooza. Sabuni ya nazi na chikichi haikuwahi kuwa na shida hiyo, kwani mkia wake ulionyooka ni chakula cha bakteria. Viwanda vya leo vinavyotafuta visafishi visivyochafua mito vimerudi kwenye mafuta yale yale yenye kaboni 12, na mbio za kutafuta ardhi ya michikichi zimeanza upya, safari hii hususan Indonesia na Malaysia.

Kongo hawakusahau. Mnamo 1931 bei ya matunda ya chikichi ilipoanguka na kodi kubaki palepale, Wapende wa Kwilu waliasi. Afisa Mbelgiji Maximilien Balot aliuawa, na wanajeshi wa koloni wakaua zaidi ya wenyeji 500. Mchongaji wa Kipende alichonga sanamu ya mti ya Balot, ambayo baadaye ilivuka bahari na kuishia katika jumba la makumbusho la Virginia, Marekani. Unilever iliuza mashamba yake ya Kongo mwaka 2009. Lusanga, iliyokuwa Leverville, wafanyakazi wa mashamba waliogeuka wasanii walijengewa jumba jeupe la sanaa lililofunguliwa mwaka 2017, wakaanza kununua ardhi kwa mapato ya sanamu zao na kupanda miti upya. Mwaka 2024 sanamu ya Balot ililetwa kwao kwa mkopo, ikasimama ndani ya jumba hilo kwa miezi kadhaa kabla ya kurudishwa Marekani.